Uwezo walikuwa nao, sababu hawakuwa nayo

Desemba 2023, akiwa kwenye kampeni za uchaguzi mjini Bukavu, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo alimfananisha Rais Paul Kagame wa Rwanda na Adolf Hitler, akaahidi kwamba mwisho wao utakuwa mmoja. Miezi 14 baadaye Bukavu yenyewe ikawa mikononi mwa waasi wa M23. Agosti 2025, Donald Trump alipomtandikia Vladimir Putin zulia jekundu kule Alaska, wachambuzi wengi walirudi kwenye neno lile lile walilokuwa wakilitumia tangu Urusi iivamie Ukraine: Munich, mji wa Ujerumani ambako mwaka 1938 Uingereza na Ufaransa zilikubali Hitler achukue kipande cha Czechoslovakia. Siku hizi mpaka ukivukwa popote, mwaka 1938 hufufuliwa. Kisa husimuliwa hivi: Hitler alikuwa mchokozi wa wazi, wakubwa wa Ulaya wakamwogopa, wakambembeleza, wakampa kipande baada ya kipande, mpaka akaizoea ladha. Methali ya kufungia kisa hicho tunayo tayari: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sina ugomvi na methali. Ugomvi wangu ni na kisa, kwa sababu kinajibu swali jepesi na kuliacha gumu. Novemba 1978, Idi Amin wa Uganda alipokwisha kuitwaa ardhi ya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania maneno ambayo hata waliozaliwa baadaye wanayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tumeyazoea maneno hayo kama wimbo wa vita, tukasahau kwamba ni kipimo kizuri cha uchambuzi. Ukiipima Ulaya ya 1933 hadi 1938 kwa mawe hayo matatu, utaona uwezo ulikuwepo, na katika miaka mitatu ya mwanzo ulikuwepo wa kumwaga. Nia haikuwepo, hilo kila mtu analisema. Lakini nia haipungui yenyewe tu kama maji kwenye mtungi unaovuja. Ilipungua kwa sababu jiwe la katikati halikuwepo: waliopaswa kumzuia Hitler hawakuwa na sababu waliyoiamini wenyewe, kwa kuwa kila alichokidai alikidai kwa kanuni zao.

Tuanze na Mkataba wa Versailles wa Juni 1919. Ujerumani ilibakishiwa jeshi la watu 100,000, bila ndege za kivita, bila vifaru, bila nyambizi. Eneo lake lote la magharibi ya mto Rhine, pamoja na ukanda wa kilomita 50 mashariki yake, halikuruhusiwa kuwa na askari hata mmoja. Kuungana na Austria kulipigwa marufuku. Makoloni yalichukuliwa, na ndiyo maana bibi zetu walizaliwa Tanganyika ya Mwingereza, na wenzao wa Rwanda na Burundi wakajikuta kwa Mbelgiji. Mwaka 1921 fidia ikapangwa kuwa mabilioni 132 ya maki za dhahabu. Haya yanafahamika. Kisichosemwa sana ni jinsi washindi wenyewe walivyoanza kuuonea haya mkataba wao wino haujakauka. Mchumi John Maynard Keynes alijiuzulu kwenye ujumbe wa Uingereza kule Paris hata kabla ya kutiwa saini, akaenda kuupinga hadharani. Katika miaka ya 1920 hoja yake ilikuwa imekuwa maneno ya kawaida ya watu waliosoma mjini London, wa kushoto kwa wa kulia: Wajerumani walionewa.

Upande wa pili, Wafaransa walijaribu kuutekeleza mkataba kwa nguvu, na yaliyowakuta ni somo ambalo wasimulizi wa Munich hulisahau. Januari 1923, Ujerumani ilipochelewesha fidia, Ufaransa na Ubelgiji zilipeleka askari kuiteka Ruhr, kitovu cha makaa ya mawe na chuma. Huo ndio uzibaji wa ufa tunaousifu leo. Matokeo yake? Wafanyakazi wa Kijerumani waligoma, damu ikamwagika, Uingereza na Marekani zikamwona Mfaransa ndiye mchokozi, faranga ikaporomoka, na mwisho askari wakarudi nyumbani na fidia ikapunguzwa. Paris ilijifunza kwamba ukitumia nguvu peke yako, hata sheria ikiwa upande wako, wewe ndiye utakayesimama kizimbani. Anayewaita Wafaransa wa 1936 waoga aanze kwa kuwaeleza Wafaransa wa 1923.

Hitler alikabidhiwa ukansela tarehe 30 Januari 1933. Sera yake ya nje ya miaka ile ina mtindo ambao ukishauona huwezi kuacha kuuona. Anachukua hatua moja, siku hiyo hiyo au punde baadaye anatoa hotuba ya amani yenye ahadi nyingi kuliko zilizoombwa. Oktoba 14, 1933 aliiondoa Ujerumani kwenye mkutano wa kupunguza silaha na kwenye Shirikisho la Mataifa. Hoja yake ilikuwa usawa: ama wote tupunguze silaha kama mlivyotupunguzia sisi, ama nasi turuhusiwe kuwa nazo. Machi 16, 1935 alitangaza kuandikisha vijana jeshini kwa lazima na kuunda divisheni 36. Machi 7, 1936 askari wake waliingia Rhineland, lile eneo la mto Rhine lililokatazwa askari. Machi 12, 1938 wakaingia Austria. Siku zote nne zilikuwa Jumamosi, wakati mawaziri wa Kiingereza wako mashambani kwao kwa mapumziko. Hiyo Jumamosi ni ujanja wa mwizi wa kuku. Ujanja mkubwa ulikuwa kwenye maneno: usawa, heshima, haki ya watu kujiamulia mambo yao, ulinzi wa ndugu walio nje ya mipaka. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotungwa Berlin. Mengi yalikuwa maneno ya Rais Woodrow Wilson wa Marekani na ya waliokaa naye Paris.

Uingereza haikuishia kunyamaza. Mwezi wa Aprili 1935 ilikaa na Ufaransa na Italia mjini Stresa kulaani uandikishaji wa Hitler. Miezi miwili baadaye, Juni 18, bila hata kuwauliza Wafaransa, ikatia saini mkataba wa manowari unaoiruhusu Ujerumani kuwa na jeshi la majini la asilimia 35 ya lile la Uingereza, pamoja na nyambizi zilizokatazwa Versailles. Huwezi kusema mtu aliyetia saini mkataba huo alikuwa anatetemeka. Manowari za Uingereza wakati huo zilikuwa nyingi mara nyingi kuliko za Ujerumani. Alikuwa ameshakubali moyoni kwamba Versailles imekufa, na aliona busara kugawana mirathi kwa maandishi.

Hapa ndipo tuiangalie Rhineland, kwa sababu watu wengi hudhani Munich ndiyo ilikuwa njia panda, ilhali njia panda ilikuwa hapa. Walioingia asubuhi ile walikuwa askari wapatao 20,000, na waliovuka mto kwenda magharibi walikuwa batalioni tatu tu, zikielekea Aachen, Trier na Saarbrücken. Jeshi la Ufaransa lingeweza kuzirudisha. Hitler mwenyewe alikiri baadaye kwamba saa 48 zilizofuata zilimkosesha raha kuliko wakati wowote. Na safari hii hata sheria haikuwa na utata: Mkataba wa Locarno wa 1925, uliothibitisha kwamba eneo hilo halitakuwa na jeshi, Ujerumani iliutia saini kwa hiari yake, si kwa kushikiwa bunduki, na Uingereza ilikuwa mdhamini.

Kwa nini basi hawakutoka? Jenerali Maurice Gamelin aliiambia serikali kwamba hana kikosi kidogo cha kupeleka haraka. Ama aite askari wa akiba wa nchi nzima, ama asifanye kitu. Isitoshe, hesabu yake ya Wajerumani waliomo Rhineland iliwajumlisha hata wanamgambo na kuwafanya wawe karibu 300,000. Serikali ya Albert Sarraut ilikuwa ya mpito, uchaguzi ukiwa wiki saba mbele, na hakuna mwanasiasa aliyetamani kuwaita baba wa familia kambini kwa ajili ya askari wa Kijerumani waliohama kutoka mji mmoja wa Kijerumani kwenda mwingine wa Kijerumani. London ndiko mambo yalikuwa wazi zaidi. Maneno yanayonasibishwa kwa mwanasiasa wa Kiingereza Lord Lothian, kwamba Wajerumani wameingia uani kwao tu, yalisambaa kwa kuwa yalisema kile ambacho watu wa kawaida walikuwa wanakifikiri. Nani atakufa kumzuia mtu asiingie uani kwake? Sababu ya kisheria ilikuwepo. Sababu inayomfanya mtu aache shamba lake akapigane haikuwepo. Agosti mwaka ule ule, dunia ilikwenda Berlin kwenye Olimpiki.

Mfano mmoja unapingana na picha hii, nao unafaa kuuangalia kwa sababu unaithibitisha kwa upande wa nyuma. Julai 25, 1934, Manazi wa Austria walimuua Kansela Engelbert Dollfuss wakijaribu kupindua serikali. Kuna mtu mmoja aliyepeleka divisheni zake mpakani, kwenye njia ya milimani ya Brenner, na Hitler akakana mara moja kwamba anahusika. Mtu huyo ni Benito Mussolini. Yeye hakuwa na haya yoyote kuhusu Versailles, hakujali haki ya Waaustria kujiamulia, na hakumwona Hitler kama mtu aliyeonewa. Alitaka tu Mjerumani asifike mlangoni kwake. Sababu yake ilikuwa ya kibinafsi na chafu kidogo, lakini ilikuwa yake, na ilitosha.

Na mtu huyo ndiye aliyepotezwa kwa ajili ya Uhabeshi, Ethiopia ya leo. Oktoba 3, 1935, majeshi ya Italia yalivuka kutoka Eritrea. Shirikisho la Mataifa lilimwekea Mussolini vikwazo, lakini mafuta hayakuguswa, na Mfereji wa Suez uliachwa wazi kwa meli zake za askari. Desemba, mawaziri wa mambo ya nje wa Uingereza na Ufaransa, Samuel Hoare na Pierre Laval, walinaswa wakiwa wamechora kwa siri ramani ya kumpa sehemu kubwa ya nchi. Wananchi wa Uingereza walikasirika, Hoare akajiuzulu, lakini sera haikubadilika sana. Addis Ababa ilianguka Mei 5, 1936. Kwa hiyo walimpoteza mlinzi wa Brenner bila kuiokoa Uhabeshi: vikwazo vilitosha kumuudhi, havikutosha kumzuia. Ndipo Hitler alipochagua wakati wake wa Rhineland, vita vya Uhabeshi vikiwa bado vinaendelea na wadhamini wawili wa Locarno, Uingereza na Italia, hawasemeshani vizuri.

Sasa tupime maelezo mengine, maana hili langu si pekee. Dhaifu kuliko yote ni lile linalosema hawakujua. Hitler alikuwa ameandika katika Mein Kampf kwamba Wajerumani watapata ardhi mashariki kwa upanga. Aprili 26, 1933, miezi mitatu tu baada ya ukansela, balozi wa Uingereza mjini Berlin, Sir Horace Rumbold, alituma London taarifa ndefu iliyokichambua kitabu hicho na kuonya kwamba maneno ya amani ni ya kuvuta muda mpaka silaha ziwe tayari. Taarifa hiyo ilisomwa na mawaziri. Mwenzake wa Ufaransa, André François-Poncet, naye hakuwa kipofu. Tatizo halikuwa taarifa. Mtu anaweza kuwa na taarifa sahihi mezani na bado aisome kupitia miwani ya kile anachokiona ni haki. Rumbold alieleza Hitler anataka nini mwishoni. Wakubwa wake walikuwa wanajibu swali la leo anaomba nini, na alichoomba leo kilionekana kina mantiki.

Maelezo ya pili yana uzito zaidi: kwamba viongozi wa kihafidhina walimwona Hitler kama ngome dhidi ya ukomunisti. Kuna ukweli ndani yake. Hofu ya Moscow ndiyo iliyofanya mkataba wa Ufaransa na Sovieti wa Mei 1935 uzae kutoaminiana badala ya nguvu, na Hitler aliutumia huo huo, ulipopitishwa na bunge la Ufaransa Februari 1936, kama kisingizio cha kuingia Rhineland. Lakini maelezo haya hayawezi kueleza kwa nini chama cha Labour cha Uingereza, ambacho hakikuwa na mapenzi na Hitler, nacho hakikutaka jeshi litumike Rhineland, wala kwa nini Poland ya Piłsudski, iliyokuwa inaziogopa Berlin na Moscow kwa pamoja, ilitia saini mkataba wa kutoshambuliana na Hitler Januari 1934. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutokuwa na sababu.

La tatu ndilo linaloheshimika zaidi kati ya wanahistoria, nalo ni la kuvuta muda: Uingereza ya 1938 haikuwa tayari, na mwaka uliopatikana Munich ndio uliojenga ndege za Spitfire na Hurricane na mnyororo wa rada zilizoiokoa mwaka 1940. Sitalidharau. Stanley Baldwin alikuwa ameliambia bunge tangu 1932 kwamba ndege ya mabomu itapenya tu, na watu waliamini London itateketea katika siku chache. Wakuu wa majeshi walisema hatuko tayari, na walisema kwa dhati. Lakini hoja hii inaeleza Septemba 1938, haielezi Machi 1936, wakati aliyekuwa hayuko tayari alikuwa Mjerumani. Tena, muda ukisimama hausimami kwa upande mmoja. Czechoslovakia ilikuwa na divisheni kama 35, ngome za mpakani, na viwanda vya silaha vya Škoda mjini Plzeň. Vyote vilihamia upande wa pili, na mwaka 1940 vifaru vya Kicheki viliingia Ufaransa vikiendeshwa na Wajerumani. Udhaifu wa kijeshi wa 1938, kwa sehemu kubwa, ulizaliwa na kukosa sababu kwa 1935 na 1936.

Kuna ushahidi mmoja ambao vitabu vingi vya Ulaya huupitia haraka, nasi huku hatuna ruhusa ya kuupitia haraka. Machi 3, 1938, siku tisa kabla Hitler hajaimeza Austria, balozi mpya wa Uingereza, Sir Nevile Henderson, alimpelekea pendekezo la Waziri Mkuu Neville Chamberlain: Ujerumani ipewe nafasi katika utawala mpya wa pamoja wa makoloni ya Afrika ya Kati, ardhi ikitoka pia kwenye maeneo ya Wabelgiji na Wareno. Hitler hakupendezwa, alisema suala la makoloni linaweza kusubiri miaka mingi. Wenye ardhi, watu wa Kongo na Angola, hawakuwa hata mada ya mazungumzo. Huku kwetu walowezi wa Kiingereza walikuwa wameingiwa na hofu kwamba Tanganyika, ambako walowezi wa Kijerumani walikuwa wengi kuliko wao, itarudishwa kwa mwenyewe wa zamani, wakaunda chama cha kupinga, Tanganyika League. Hofu yao ilihusu mashamba yao. Mwafrika alikuwa chenji ya kurudishia.

Silisemi hili kwa uchungu tu, ingawa uchungu upo. Nalisema kwa sababu linaonyesha mzizi. Dola ambayo imejenga ukuu wake kwa kugawa nchi za watu wasiokuwepo mezani haiwezi kusimama na kusema kwamba kugawa nchi za watu ni kosa. Iliweza kulalamikia njia: bila haraka, bila vitisho, kwa mazungumzo. Novemba 1937 Lord Halifax, waziri katika serikali ya Chamberlain, alimtembelea Hitler kule Berchtesgaden akamwambia, kwa adabu zote, kwamba mabadiliko kuhusu Danzig, Austria na Czechoslovakia yanaweza kuja baada ya muda, mradi yaje kwa amani. Wiki mbili kabla, Novemba 5, Hitler alikuwa amewaambia majenerali wake mlango ukiwa umefungwa kwamba tatizo la ardhi ya Ujerumani litatatuliwa kwa nguvu. Halifax alidhani anajadili masharti ya safari. Hitler alisikia kwamba safari imekubaliwa.

Munich yenyewe, ukiitazama hivi, ni kilele cha hoja na si mwanzo wa woga. Wajerumani zaidi ya milioni tatu waliishi Sudetenland, ndani ya Czechoslovakia. Kiongozi wao, Konrad Henlein, alikuwa ameagizwa na Hitler Machi 1938 adai siku zote kiasi kisichoweza kukubaliwa. Lakini swali alilouliza hadharani lilikuwa kali: kama Wacheki walipewa nchi mwaka 1918 kwa haki ya kujiamulia, kwa nini sisi tunyimwe? Gazeti la The Times la London lilipendekeza eneo hilo liachiwe hata kabla Chamberlain hajapanda ndege. Afrika Kusini ya Waziri Mkuu Hertzog na nchi nyingine za himaya hazikutaka vita kwa ajili ya hilo. Chamberlain aliposema redioni Septemba 27 kuhusu ugomvi wa nchi ya mbali kati ya watu tusiowajua, alilaumiwa baadaye na kila mtu, lakini usiku ule wengi walitikisa kichwa kukubali. Septemba 30 ramani ilisainiwa na wanne, na Wacheki wakaitwa kupewa taarifa.

Kisha angalia Machi 15, 1939. Hitler anaingia Prague. Wacheki si Wajerumani. Hakuna ndugu wa kuokolewa, hakuna dhuluma ya Versailles ya kusahihishwa. Siku mbili baadaye, akihutubia Birmingham, Chamberlain anasema wazi kitu ambacho ningependa kila anayelitaja jina la Munich akisome: kwamba Rhineland, Austria na Sudetenland ziliudhi, lakini angalau zilikuwa na la kutetewa, iwe kwa ukaribu wa damu au madai ya haki yaliyocheleweshwa, hili la Prague halina. Machi 31 anaidhamini Poland, nchi iliyo mbali zaidi, ngumu zaidi kuifikia, na ambayo miezi sita kabla ilijichotea kipande chake cha Czechoslovakia kule Teschen. Mwezi Aprili anaandikisha vijana jeshini. Uwezo wa Uingereza ulikuwa umeongezeka kidogo tangu Septemba, ule wa Ujerumani umeongezeka zaidi. Kilichobadilika ni jiwe la katikati. Septemba 4, 1939, bunge la Afrika Kusini likapiga kura 80 kwa 67 kuingia vitani, Hertzog akaondoka.

Najua hoja hii inaweza kupotoshwa kuwa utetezi wa Hitler, kana kwamba nasema alikuwa na haki mpaka Prague. Hakuwa nayo. Madai yaliyokuwa nusu kweli aliyatumia kama ngazi, na akishapanda anaipiga teke. Waliokuwa ndani ya Ujerumani waliijua sura yake tangu Aprili 1933, maduka ya Wayahudi yaliposusiwa kwa amri ya chama, na tangu sheria za Nuremberg za Septemba 1935 zilizowavua Wayahudi uraia. Lakini hayo nayo yaliitwa mambo ya ndani ya nchi, neno jingine la heshima alilokuwa ameliazima. Ninachosema ni kwamba anayetaka kumzuia mtu wa namna hiyo lazima kwanza amnyang'anye maneno.

Na hapa Afrika imewahi kufanya kitu ambacho Ulaya ya miaka ile haikukifanya. Julai 1964, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana mjini Cairo, Nyerere akiwa mbele katika hoja hiyo, kwamba mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni itaheshimiwa. Kila aliyekuwemo alijua mipaka ile ni ya kipuuzi, imepasua makabila na familia. Somalia na Morocco zilikataa, na Wasomali walikuwa na hoja nzuri kuliko ya Henlein. Lakini azimio liliifunga mapema hoja ya ndugu zangu wako upande wa pili. Amin alipodai Kagera mwaka 1978, mtu ambaye miaka sita nyuma alikuwa ameandika telegramu kumsifu Hitler, hakuwa na neno la kuazima. Wapo viongozi wa Afrika waliotaka Tanzania ikubali usuluhishi. Nyerere akauliza unasuluhisha nini kati ya mwenye nyumba na aliyevunja mlango. Aliweza kuuliza hivyo kwa sababu ya Cairo.

Nikirudi Bukavu: kumwita jirani Hitler ni njia ya kukimbia hesabu. Rwanda si Ujerumani ya 1936, na watawala wa Kigali wana historia ya mauaji ya kimbari ya 1994 ambayo hakuna Mjerumani wa 1936 aliyekuwa na mfano wake. Swali lenye faida ni dogo zaidi na linaumiza zaidi. Maneno gani yanatumika, na tumeyakubali kiasi gani? Wanaosema Watutsi wa Kongo wanateswa na kwamba FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, ipo mpakani wanasema jambo ambalo lina ukweli ndani yake, na wanaosema mipaka ya wakoloni iliyotokana na mkutano wa Berlin ilikata watu wa lugha moja nao pia. Kinshasa isipolijibu la kwanza kwa vitendo, kwa kuwalinda raia wake wote, inamwachia mwingine alijibu kwa bunduki. Na majirani wakianza kulisema la pili kwa sauti ya chini kwenye mikutano, Cairo inakuwa karatasi kama Locarno.

Februari 8, 2025, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam, mji wa Goma ukiwa umeshaanguka na Bukavu ikiwa imebakiza siku chache tu. Tamko lao lilithibitisha mipaka ya Kongo, likataka mazungumzo na M23, na likataka yaondoke majeshi ya kigeni yasiyoalikwa. Ya nani, halikusema.